Mapitio ya tlog: kinasa sesheni kizuri, ila usikiache peke yake

Kabla ya kutazama chombo chochote cha kunasa sesheni za terminali, yaani kurekodi yanayopita kwenye dirisha la amri tangu mtu aingie hadi atoke, uliza kwanza faili la rekodi ni la nani. Faili la `.bash_history`, ambamo bash (sheli, yaani programu inayopokea amri) huhifadhi amri zilizoandikwa, ni la huyo huyo anayechunguzwa. Akiandika `unset HISTFILE` mwanzoni, hakibaki kitu. Akianza amri kwa nafasi tupu huku `HISTCONTROL` ina `ignorespace`, amri hiyo haihifadhiwi. Akitoka kwa `kill -9 $$`, bash inakufa kabla haijaandika neno. Na bado kuna ripoti za uchunguzi zinazoegemea faili hilo, kana kwamba mwizi ameombwa aandike mwenyewe orodha ya alivyoiba.

`script` ina tatizo lile lile kwa sura nyingine. Ni programu ya zamani ya kurekodi terminali, imo tangu 3BSD, toleo la kale la Unix, na kwa kazi iliyokusudiwa, yaani mtu kujirekodi kwa hiari yake, haina kosa. Toleo la util-linux (kifurushi cha zana za msingi za Linux) huweza kuhifadhi pia muda wa kila kipande, na `scriptreplay` huirudia sesheni kwa mwendo wake wa awali. Tangu toleo la 2.35 inaweza kunasa hata vibonyezo vya kibodi kwa `--log-in`. Lakini inaendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji mwenyewe, na faili ni lake: aliloliandika anaweza kulifuta. Wanaoichomeka ndani ya `.bashrc` ili kila mtu arekodiwe hukutana na balaa la pili. `script` hufungua sheli mpya, sheli mpya husoma `.bashrc`, `.bashrc` huita `script` nyingine, na mnyororo hauishi hadi mfumo uishiwe na michakato. `scp`, ya kunakili mafaili kwa mtandao, nayo huvurugika, kwa sababu tangazo la kuanza kurekodi huingia katikati ya data.

Tlog inaanzia mahali pengine kabisa. Imetoka kwenye mradi wa Scribery chini ya Red Hat, inagawiwa bure kwa leseni ya GPL toleo la 2 au la baadaye, na imo kwenye hazina za RHEL (Linux ya kibiashara ya Red Hat) kuanzia toleo la 8 na za Fedora. Wazo lake ni jepesi: programu ya `tlog-rec-session` ndiyo inayokuwa sheli ya kuingilia ya mtumiaji (sheli ya Unix, si ile ya mafuta). Mtu akiingia kwa mbali kupitia SSH, sshd (programu ya seva inayopokea miunganisho hiyo) huiita tlog. Tlog hufungua terminali bandia, huanzisha sheli halisi ndani yake, kisha hukaa katikati kama mkalimani. Kila kinachotoka kwenye sheli hupita mikononi mwake kwenda kwenye skrini ya mtumiaji, na nakala yake hupelekwa kwenye kumbukumbu za mfumo (kwa kawaida journald, ghala la kumbukumbu la systemd, linalosomwa kwa `journalctl`).

Kukaa huko katikati kuna faida mbili. Ya kwanza, kinasa kikifa terminali bandia hufungwa, na sheli iliyomo ndani hupokea SIGHUP, ishara ya kuifunga. Hakuna njia ya kumuua mkalimani kisha ukaendelea na mazungumzo yale yale. Ya pili, haijalishi mtumiaji amegeuka nani baadaye. Akipanda hadi root (akaunti yenye mamlaka yote) kwa `su`, akaingia kwenye hifadhidata, au akarukia seva ya tatu kwa SSH, picha yote bado inapita pale pale. Ndiyo maana mahali pake hasa ni kwenye seva ya kupitia, ile ambayo kila msimamizi lazima aikanyage kabla ya kufika kwenye seva za ndani. Ukifunga tlog kwenye seva hiyo moja, unaona yanayotendeka kwenye seva zote zilizo nyuma yake bila kugusa hata moja.

Kuifunga kwenyewe hakuchukui muda mrefu. Baada ya `dnf install tlog`, kuna njia mbili za kuigeuza kuwa sheli ya mtu. Ya haraka ni `usermod -s /usr/bin/tlog-rec-session jina`, nayo inafaa kwa majaribio ya akaunti mbili tatu. Ila ukiiorodhesha programu hiyo kwenye `/etc/shells`, mtumiaji wa kawaida anaweza kujirudishia bash kwa `chsh`. Njia ya pili, ambayo ndiyo ya kazini, ni kuiachia SSSD, huduma inayojibu maswali ya mfumo kuhusu watumiaji. Unaandika faili la `/etc/sssd/conf.d/sssd-session-recording.conf`:

```
[session_recording]
scope = some
groups = wasimamizi
users = mkandarasi
```

`scope` inakubali `none`, `some` au `all`, na ukichagua `all` unaweza kutoa wachache kwa `exclude_users` na `exclude_groups`. Faili hilo lazima liwe la root na ruhusa zake ziwe `0600`. Likiwa wazi kwa wengine, SSSD hulipuuza, nawe unabaki unajiuliza kwa nini hakuna kinachorekodiwa. Halafu `systemctl restart sssd`, `sss_cache -E` ili kufuta majibu ya zamani, na hatimaye kipimo kinachokata mzizi wa fitina:

```
getent passwd mkandarasi
```

Mwisho wa mstari lazima usome `/usr/bin/tlog-rec-session`. Ukisoma `/bin/bash`, fungua `/etc/nsswitch.conf` utazame mpangilio wa `passwd`. Kwa watumiaji walioandikwa kwenye seva yenyewe, `sss` inatakiwa kutangulia `files`. Ikiwa `files` iko mbele, jibu hutoka `/etc/passwd` moja kwa moja na SSSD haipati hata nafasi ya kuulizwa. Pia SSSD inahitaji kuwa na eneo (domain) linalowajua watumiaji hao. Zamani lilitosha eneo la aina ya `files`, ila hilo limewekwa kando kwenye matoleo mapya, na sasa hutumika `id_provider = proxy` pamoja na `proxy_lib_name = files`. Hapo ndipo wengi hukwama, na ujumbe wa makosa hausaidii sana.

Jambo jingine ambalo nyaraka haziligongi meza vya kutosha: SSSD haimshughulikii root. Hata ukiandika `scope = all`, anayeingia moja kwa moja kama root hanaswi. Kwa hiyo `PermitRootLogin no` kwenye `sshd_config` ni sehemu ya ufungaji, si pambo. Upande wa pili, pengo hilo ndilo linalokuokoa siku tlog au SSSD itakapogoma na watu wote wakafungiwa nje. Root wa kwenye konsoli bado anaingia. Weka nenosiri lake kwenye bahasha iliyofungwa, usiliue kabisa.

Mipangilio ya kinasa chenyewe iko kwenye `/etc/tlog/tlog-rec-session.conf`, faili la JSON (maandishi ya jozi za jina na thamani) linaloruhusu maelezo ya pembeni. Ni machache ya kugusa. `notice` ni tangazo analoliona mtumiaji akiingia. Limekuja kwa Kiingereza, libadilishe liwe kwa lugha ya watu wako, wala usilifute: kumrekodi mtu bila kumwambia ni kesi ya kujitafutia. `latency` ni sekunde 10 na `payload` ni baiti 2048: tlog hukusanya data hadi kimojawapo kitimie, ndipo iandike ujumbe mmoja. Maana yake, seva ikizimika ghafla, sekunde hadi kumi za mwisho zinaweza kupotea, na kwenye uchunguzi sekunde za mwisho ndizo tamu. Ukishusha `latency` hadi 2 utaandika jumbe nyingi zaidi, lakini pengo linakuwa dogo.

Sehemu ya `limit` ina `rate` ya 16384, `burst` ya 32768, na `action` iliyowekwa `pass`. Neno hilo la mwisho linamaanisha kwamba hizo namba mbili za juu hazizuii chochote. Mtu akiandika `cat /dev/urandom | base64` na kwenda zake kulala, kumbukumbu zako zitajaa hadi asubuhi. `drop` hutupa kinachozidi, yaani inampa mhalifu njia rasmi ya kutorekodiwa: anamwaga takataka nyingi, kisha katikati yake anafanya lake. Chagua `delay`. Skrini itamchelewesha mtu anayemwaga faili kubwa, atalalamika, na hiyo ni bei ndogo.

Rekodi yenyewe inapendeza ukiitazama kwa karibu. Si faili la siri la umbo la ajabu, ni mistari ya JSON unayoweza kuitafuta kwa zana yoyote ya maandishi. Kila ujumbe una `rec` (kitambulisho cha rekodi nzima), `user`, `session`, `id` (namba ya ujumbe, kuanzia 1), `pos` (milisekunde tangu mwanzo), `out_txt` (maandishi yaliyotokea) na `timing`. Hii ya mwisho ndiyo roho ya kitu chenyewe:

```
"timing":"=80x24+1204>38+310>2"
```

Soma hivi: dirisha lina safu 80 na mistari 24, pita milisekunde 1204, onyesha herufi 38 za kwanza kutoka `out_txt`, ngoja milisekunde 310, onyesha nyingine 2. Alama ya `<` ingekuwa kwa vibonyezo vya kibodi. Kwa sababu maandishi yamekaa peke yake na muda peke yake, unaweza kutafuta neno `DROP TABLE` kwenye sesheni za miezi bila kucheza hata moja. Faili la `script` limechanganya maandishi na amri za kusogeza mshale, na linaacha mambo ya muda kwa faili jingine ambalo likipotea basi.

Ili kucheza, orodhesha kwanza rekodi zilizopo kwa `journalctl -F TLOG_REC`, au zile za mtu mmoja kwa `journalctl TLOG_USER=mkandarasi`, kisha:

```
tlog-play -r journal -M TLOG_REC=kitambulisho
```

Nafasi husimamisha, `}` huongeza kasi, `{` huipunguza, nukta husogea hatua moja. Ukiongeza `-f` unafuata sesheni inayoendelea sasa hivi, ukichelewa kwa ile `latency` tu. Cockpit, zana ya kusimamia seva, hufanya hayo hayo ndani ya kivinjari, na kwa mkaguzi asiyependa mstari wa amri inatosha kabisa. Tahadhari moja: tlog-play hurusha kwenye terminali yako baiti zile zile alizoziona mtumiaji, pamoja na misimbo ya kudhibiti skrini. Mtu mwerevu anaweza kupanda humo msimbo unaobadili kichwa cha dirisha lako au kuivuruga skrini. Chezea rekodi kwenye terminali ya kutupwa, kwa akaunti isiyo na mamlaka.

Ukikuta mchezo umekatika kwa kosa la ujumbe kukosekana, usikimbilie `--lax`. Swichi hiyo huruka mapengo na kuendelea, na inafaa kwa kutazama. Lakini pengo kwenye mfululizo wa `id` ni habari yenyewe. Huenda journald imefikia kikomo chake cha jumbe, huenda rsyslog (kisambaza kumbukumbu) imekata, huenda mtu amefuta. Tambua kwanza ni lipi.

Kuhusu mahali rekodi inapolala, chaguo-msingi ni journald, na hapo kuna mitego mitatu. Wa kwanza: `Storage=auto` bila saraka ya `/var/log/journal` maana yake kila kitu kinaandikwa chini ya `/run`, nacho huyeyuka seva ikiwashwa upya. Tengeneza saraka hiyo au andika `Storage=persistent`. Wa pili: `SystemMaxUse` isipowekwa huwa asilimia 10 ya diski, isizidi GB 4, na za zamani hufutwa kimyakimya ili kupisha mpya. Wa tatu unachekesha hadi ukufike. Msimamizi anayerekodiwa akiandika `journalctl -f`, anachokiona kwenye skrini kinarekodiwa kwenye journald, kinachorekodiwa kinatokea kwenye skrini yake, nacho kinarekodiwa tena. Mbwa anafukuza mkia wake hadi diski ilie. Dawa yake ni `journalctl -f | grep -v tlog-rec-session`, na kuwafundisha watu mapema.

Lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba rekodi inalala nyumba moja na anayerekodiwa. Mtu akishapata root anaweza kuisimamisha SSSD, na anaweza kufuta journal. Kufunga kwa muhuri kwa `journalctl --setup-keys` kunakuonyesha kwamba kuna kilichochezewa, hakuzuii kisifutwe. Suluhisho ni rekodi iondoke kwenye seva ile ile sekunde inapoandikwa, iende kwenye mashine ambayo wasimamizi wa seva hii hawana akaunti. `systemd-journal-upload` inafanya kazi, rsyslog kwa TLS (usimbaji wa mawasiliano) inafanya kazi. Ukitumia syslog, angalia ukubwa wa ujumbe: vipokezi vya kizamani vinavyofuata RFC 3164 (waraka wa zamani wa syslog) hukata kwenye baiti 1024, na JSON iliyokatwa katikati ni takataka. Ama shusha `payload`, ama badili kipokezi.

Hadi hapa ni sifa, pamoja na mitego inayotibika. Sasa mambo ambayo tlog haiwezi kabisa.

Kwa chaguo-msingi hunasa matokeo ya skrini na ukubwa wa dirisha, si vibonyezo vya kibodi. Uamuzi huo ni wa busara: ukiwasha `input`, nenosiri la sudo, la hifadhidata, na kila siri inayoandikwa bila kuonekana itakaa wazi ndani ya kumbukumbu, na ghala lako la ushahidi litageuka ghala la nywila. Ila kuna gharama. Mtumiaji akiandika `stty -echo`, bash inaacha kuonyesha anachoandika. Akiongeza `> /dev/null 2>&1` mwisho wa kila amri, rekodi inaonyesha skrini tupu yenye kidokezo cha sheli kinachojirudia. Unajua kuna jambo limefanyika, hujui ni lipi. Vivyo hivyo `bash kazi.sh`: unaona jina la faili, huoni yaliyomo. Na mtu akiacha tmux (programu inayoshikilia terminali hata ukiondoka) ikifanya kazi kisha akajitenga nayo, yanayoendelea humo ndani hayapiti tena kwa kinasa hadi arudi kuitazama.

Halafu kuna milango isiyopita kwenye terminali hata kidogo. `crontab -e`, `at`, na `systemd-run --user` huanzisha kazi nje ya sesheni. `internal-sftp` huendeshwa ndani ya sshd yenyewe bila sheli yoyote, kwa hiyo faili linatoka au linaingia bila tlog kujua. Walau hili lina tiba nyepesi: andika `Subsystem sftp internal-sftp -l INFO` nawe utapata kila faili lililofunguliwa na idadi ya baiti zilizosomwa na kuandikwa. Kupitisha milango ya mtandao ndani ya SSH ni pengo jingine, na `AllowTcpForwarding no` hulifunga. Kwenye kompyuta za mezani za GNOME usijaribu kabisa: madirisha yote ya terminali yanashiriki namba moja ya sesheni ya ukaguzi, nayo tlog hutumia namba hiyo kuhakikisha sesheni moja hairekodiwi mara mbili.

Ndiyo sababu tlog pekee ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni auditd, inayopokea matukio kutoka mfumo wa ukaguzi wa keneli (kiini cha Linux) na isiyojali skrini inaonyesha nini. Kanuni mbili za kuandika kila programu inayoanzishwa (`execve`) zinatosha kuanza, kwenye faili moja ndani ya `/etc/audit/rules.d/`:

```
-a always,exit -F arch=b64 -S execve,execveat -F auid>=1000 -F auid!=unset -k sesheni
-a always,exit -F arch=b32 -S execve,execveat -F auid>=1000 -F auid!=unset -k sesheni
```

Pakia kwa `augenrules --load`. Mstari wa `b32` haupo kwa ajili ya urembo: bila huo, programu ya biti 32 hupita bila kuandikwa kwenye mfumo wa biti 64. Kigezo ni `auid` (namba ya aliyeingia), si `uid` (namba ya anayetenda sasa), kwa sababu `auid` huwekwa na `pam_loginuid` (moduli ya PAM, mfumo wa Linux wa kuthibitisha wanaoingia) mtu anapoingia, nayo haibadiliki akigeuka root. Hapo `uid` ni 0, lakini `auid` bado inasema ni mkandarasi. Kanuni zikishatulia, ongeza `-e 2` mwishoni kabisa. Tangu hapo hata root hawezi kuzibadili bila kuiwasha seva upya, na kuwasha upya kunaonekana.

Uzuri wa kuviweka pamoja uko kwenye namba moja. Ile `session` iliyomo kwenye JSON ya tlog ndiyo `ses` ya auditd. Rekodi ikionyesha skrini tupu ya yule mjanja wa `stty -echo`, unachukua namba, tuseme 23, na kuandika `ausearch --session 23 -i`. Amri zote zilizoanzisha programu zinatoka moja baada ya nyingine, pamoja na hoja zake. Usichokipata ni zile zilizojengwa ndani ya sheli, kama `cd` na `echo`, kwa kuwa haziiti `execve`. Na hupati matokeo. Lakini kila kimoja kinafunika uchi wa mwenzake.

Angalia ukubwa tu. Auditd huja ikiwa na mafaili 5 ya MB 8, yaani MB 40 kwa jumla, na mtu mmoja akiendesha `make` kwenye mradi mkubwa anazijaza kabla chai haijapoa. Ongeza `max_log_file` na `num_logs`, weka `-b 8192` kwa foleni, na utazame `lost` kwenye `auditctl -s`. Namba hiyo ikipanda, kuna matukio yanayodondoka.

Wapo wanaouliza kwa nini wasitumie `pam_tty_audit`, ambayo tayari imo. Inaandika vibonyezo kwa kupitia auditd, unawasha kwa mstari mmoja wa PAM, `session required pam_tty_audit.so disable=* enable=root`, na nywila haiziandiki mpaka uongeze `log_passwd`. Ila soma matokeo ya `aureport --tty` kwa dakika tano tu: ni `sys<tab> rest<tab> ng<tab>`, halafu `<up>,<up>,<ret>`. Amri gani ilikuwa mishale miwili juu? Hakuna anayejua. Inafaa kama kiraka pale ambapo huruhusiwi kufunga chochote kipya.

Mshindani wa kweli ni sudo, programu ya kuendesha amri kwa mamlaka ya root. Tangu 1.7.4 ina uwezo wa kunasa kila kinachopita ndani ya amri iliyoendeshwa kwa sudo, kwa mstari mmoja tu wa `Defaults log_output`, na `sudoreplay` hucheza. Rekodi hukaa chini ya `/var/log/sudo-io` kwa namba za mfuatano kama `00/00/01`, zenye msingi wa 36. Kwa mambo mawili inaizidi tlog. Kwanza, `sudo_logsrvd`, iliyokuja na 1.9.0, hupokea rekodi moja kwa moja kwa mtandao kwenye mlango 30344 kwa TLS, kwa hiyo kuziondoa kwenye seva hakuhitaji syslog wala kushona vipande. Pili, rekodi isipoweza kuandikwa, amri husimamishwa. Diski ikijaa, kazi inasimama: kwa usalama huo ndio msimamo sahihi, na `ignore_iolog_errors` ipo kwa asiyeweza kuvumilia. Kuanzia 1.9.8 kuna pia `log_subcmds`, inayoandika programu zilizoanzishwa ndani ya `sudo -s`, ingawa kwa njia inayotegemea maktaba ya kupachika haizioni programu zilizounganishwa kwa utuli, yaani zenye maktaba zake zote ndani yake.

Ukiiwasha, kumbuka mistari miwili: `Defaults!/usr/bin/sudoreplay !log_output`, la sivyo utarekodi urekodiji, na nyingine kama hiyo kwa amri ya kuwasha upya seva. Upungufu wake ni kwamba haioni chochote kabla ya neno `sudo`. Mtu anayesoma data za wateja kwa mamlaka yake ya kawaida, kisha akazitoa nje, hatokei popote. Kama hofu yako ni wasimamizi kuharibu mfumo, sudo inakutosha na ni nyepesi kuliko tlog. Kama hofu yako ni watu kuchungulia wasivyopaswa, ni tlog.

Kwa kutazama moja kwa moja bila maandalizi, pale tuhuma imetokea sasa hivi na hakuna kinasa kilichokuwepo, `ttysnoop` ya kwenye zana za bcc (za kuchungulia yanayopita kwenye keneli) hufanya kazi kwa root: `ttysnoop 2` huakisi `/dev/pts/2`. FreeBSD wana `watch` inayopitia moduli ya `snp` kwa kazi hiyo. Hizi si za kuhifadhi ushahidi, ni tundu la kuchungulia.

Jambo la mwisho kabla ya kuiwasha tlog kwa watu wote: andika `getent group systemd-journal adm wheel`. Kila jina utakaloliona hapo linaweza kusoma journal nzima, yaani linaweza kucheza sesheni za wenzake kama sinema. Mara nyingi orodha hiyo ni ndefu kuliko mwenye seva anavyodhani, na wamo waliowekwa humo miaka iliyopita kwa ajili ya kazi ya siku moja.